Jinsi ya Kupanga, Kujenga na Kuendesha Kiwanja Kidogo cha Ndege Nyanda za Juu Kusini

Maswali yanayoulizwa na kamati za vijiji, mameneja wa mashamba ya chai na viongozi wa hospitali za misheni, kuanzia Makete hadi Kilolo, yanafanana mno. Mita ngapi zinatosha? Je, uwanja wa mpira ukipanuliwa unafaa? Lami ni lazima? Greda la halmashauri likija wiki ijayo, ndege itatua mwezi ujao? Mwongozo huu unamjibu mtu anayeanza, na unahusu kiwanja cha udongo au nyasi kinachokusudiwa ndege ndogo kama Cessna 206 na Cessna Caravan, zile zinazobeba mgonjwa, madaktari, watalii wachache au kipuri cha mashine ya kiwandani. Anayewazia kiwanja cha aina ya Songwe cha Mbeya, chenye njia ya lami inayozidi kilomita 3, anahitaji wahandisi washauri na bajeti ya serikali, ingawa mambo yatakayomsumbua ya upepo, kimo, maji na vizuizi ni hayahaya.

Kabla ya yote, jiulize kama unakihitaji. Ikiwa kutoka kwako hadi kiwanja cha ndege cha Nduli, Iringa, au Songwe ni mwendo wa saa moja au mbili kwa barabara inayopitika mwaka mzima, fedha zako zitafanya kazi kubwa zaidi zikinunua gari zuri la wagonjwa. Kiwanja cha ndege hakimaliziki kujengwa. Kinadai nyasi zikatwe, mitaro izibuliwe na mlinzi alipwe kila mwezi, hata mwezi ambao hakuna ndege iliyotua.

Unavyohitaji kabla ya kuanza

- Mpima ardhi mwenye vifaa vya kupima kimo na mwinamo. Simu yenye GPS inakutosha kwa kutafuta eneo, haikutoshi kwa usanifu.
- Takwimu za upepo na joto za eneo lako au la kituo cha karibu, ambazo huombwa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania.
- Rubani au kampuni ya ndege iliyo tayari kukwambia kwa maandishi ndege yake inahitaji nini.
- Mtu mmoja mwenye jina na namba ya simu atakayewajibika na kiwanja baada ya ujenzi. Kamati ya watu kumi na wawili si mtu mmoja.
- Vigingi, kamba, futi ya mita 50 au 100, na klinomita ya mkononi, yaani kifaa cha kupimia mwinamo.
- Subira ya angalau mzunguko mmoja wa misimu, masika na kiangazi.

Hatua ya 1: Chagua ndege kwanza, kisha eneo

Usiseme unataka kiwanja “cha ndege ndogo”. Taja ndege moja, ile kubwa kuliko zote itakayotumia kiwanja mara kwa mara, na usanifu wote uifuate hiyo. Viwango vya kimataifa vimo katika Kiambatisho cha 14 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, kinachosimamiwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO. Kiambatisho hicho huvipanga viwanja kwa namba: namba 1 ni kwa ndege inayohitaji chini ya mita 800, namba 2 ni mita 800 hadi chini ya 1,200, namba 3 ni mita 1,200 hadi chini ya 1,800, na namba 4 ni 1,800 na kuendelea. Angalia jambo linalowachanganya wengi: namba hii hutokana na urefu ambao ndege ingeuhitaji katika usawa wa bahari, kwenye hewa ya kawaida na njia tambarare. Haitokani na urefu utakaoujenga wewe huku milimani, kwa hiyo unaweza ukajenga njia ya mita 1,300 na kiwanja chako kikabaki cha namba 1.

Hatua ya 2: Tafuta eneo, na ulitazame masika

Eneo zuri ni mgongo mpana wenye mwinamo mdogo, unaomwaga maji pande zote mbili, usio na mlima mbele wala nyuma. Bonde tambarare linavutia zaidi machoni, lakini bondeni ndiko ukungu hukaa asubuhi na ndiko maji hukusanyika. Katika mbuga za Usangu utakutana na udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka kiangazi na kugeuka uji mvua ikinyesha. Udongo huo usijenge juu yake kama una eneo jingine, kwa maana kuuondoa na kuleta changarawe kunaweza kugharimu kuliko kazi nyingine zote zikijumlishwa. Rungwe tatizo ni mvua yenyewe, ambayo kwa mwaka huzidi milimita 2,000 katika maeneo mengi ya wilaya.

Litembelee eneo Machi au Aprili, asubuhi na mapema, ukiwa na buti. Mahali ambapo gari la tani 5 linazama siku mbili baada ya mvua kukatika si mahali pa ndege. Wazee wa hapo watakwambia maji hupita wapi na ukungu huondoka saa ngapi. Waulize kabla ya kumlipa mtaalamu yeyote.

Hatua ya 3: Fuata upepo

Ndege hutua na kuruka ikiukabili upepo, kwa hiyo mwelekeo wa njia huamuliwa na upepo unaovuma mara nyingi. Kiwango cha ICAO ni kwamba njia itumike kwa angalau asilimia 95 ya muda bila upepo wa ubavuni kuzidi kiasi ambacho ndege inakimudu, na kwa ndege ndogo za kundi letu kiasi hicho ni noti 10, yaani kilomita 19 hivi kwa saa. Takwimu zinazopendekezwa ni za miaka isiyopungua mitano. Kama kituo cha hali ya hewa kiko mbali, simamisha soksi ya upepo, yaani mfuko wa kitambaa juu ya nguzo unaoonyesha upepo unavuma kuelekea wapi, kwenye eneo lenyewe na mtu aandike mwelekeo asubuhi, mchana na jioni kwa mwaka mzima. Upepo wa Iringa mjini hautakwambia upepo wa Udzungwa, kwa sababu kila safu ya milima huugeuza kwa namna yake.

Namba zinazochorwa kwenye ncha za njia hutokana na dira: nyuzi zikigawanywa kwa kumi. Songwe ni 09 upande mmoja na 27 upande wa pili, yaani mashariki na magharibi.

Hatua ya 4: Kokotoa urefu kwa kimo chako, si cha pwani

Hapa ndipo miradi mingi ya nyanda za juu huharibika. Mtu husoma kwamba ndege fulani huruka kwa mita 600, akapima mita 700 ili awe na akiba, kisha rubani akija anakataa kuruka akiwa na abiria. Hewa ya juu ni nyepesi: mabawa huhitaji mwendo mkubwa zaidi ili kubeba uzito uleule, na injini isiyo na msaada wa kusukumiwa hewa hupoteza nguvu. Joto huongeza tatizo hilohilo. Uwanja wa Julius Nyerere uko mita 55 hivi tu juu ya bahari. Songwe iko takriban mita 1,350, Nduli takriban mita 1,400, na mashamba mengi ya Mufindi na Njombe yako juu zaidi ya hapo.

Kanuni ya makadirio ni hii. Ongeza asilimia 7 kwa kila mita 300 za kimo. Kisha ongeza asilimia 1 kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi ambayo joto la eneo linazidi joto la kawaida la kimo hicho. Joto la kawaida ni nyuzi 15 baharini, na hupungua nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000. Joto la eneo ni wastani wa joto la juu la kila siku katika mwezi wenye joto kuliko yote, ambao kwetu mara nyingi ni Oktoba au Novemba. Mwisho, ongeza asilimia 10 kwa kila asilimia 1 ya mwinamo wa njia.

Tuchukue kiwanja cha mfano kilicho mita 1,800, chenye joto la nyuzi 24 na mwinamo wa asilimia 1, kwa ndege inayohitaji mita 600 baharini:

1. Kimo: 1,800 ÷ 300 = 6, na 6 × 7 = asilimia 42. Mita 600 zinakuwa 852.
2. Joto: joto la kawaida la kimo hicho ni 15 − 11.7 = nyuzi 3.3, na tofauti yake na 24 ni nyuzi 20.7. Mita 852 zinakuwa 1,028.
3. Mwinamo: mita 1,028 zinakuwa 1,131.

Hesabu hiyo ni ya njia ngumu na kavu. Nyasi kavu fupi huvuta magurudumu, na desturi ya marubani wengi ni kuongeza asilimia 20; zikilowa, asilimia 30. Kwa nyasi kavu tunafika mita 1,360 hivi, zaidi ya mara mbili ya zile 600 tulizoanza nazo. Kwa lugha ya marubani, mchana wa joto katika kiwanja hicho ndege hujiona iko kwenye kimo cha karibu mita 2,550.

Tahadhari: ICAO yenyewe inasema kwamba marekebisho ya kimo na joto yakizidi kwa pamoja asilimia 35, hesabu hii ya haraka haitoshi na uchunguzi maalumu unahitajika. Katika mfano wetu yamefika asilimia 71, na sehemu kubwa ya nyanda zetu za juu itavuka mpaka huo. Itumie kuchuja maeneo, kisha mpe rubani kimo, joto na mwinamo ili akokotoe kwa majedwali ya ndege yake. Jibu lake ndilo la kujengea.

Hatua ya 5: Pima vizuizi, hasa miti ambayo bado ni midogo

Njia yenyewe ni sehemu tu ya kiwanja. Kwa namba 1 ya kuruka kwa kuona, yaani rubani akiongozwa na macho yake na si vyombo, ukanda wa usalama uliosawazishwa unatakiwa ufike mita 30 kila upande wa mstari wa kati na mita 30 kupita kila ncha. Kwa namba 2 ni mita 40 na mita 60. Ushauri wangu ni kuchukua vipimo vya namba 2 tangu mwanzo kama ardhi ipo, kwa sababu kuipata baadaye ni vigumu mara kumi. Kwa mfano wetu hiyo ni mita 1,480 kwa 80, karibu hekta 12, yaani ekari 29 hivi.

Kutoka mwisho wa ukanda huo huanza mteremko wa kufikirika ambao hakuna kitu kinachoruhusiwa kuutoboa. Kwa namba 1 hupanda mita 1 kwa kila mita 20, kwa urefu wa mita 1,600, ukitanuka kadiri unavyokwenda. Kwa namba 2 ni mita 1 kwa kila mita 25, kwa urefu wa mita 2,500. Mti wa mita 25 kwa hiyo usiwe karibu kuliko mita 500 kwa namba 1. Urefu wa mti hupimwa kutoka kimo cha ncha ya njia, si kutoka shina la mti. Mti wa mita 10 ulioota juu ya kilima cha mita 20 ni kizuizi cha mita 30, na kosa hilo hurudiwa kila mahali penye milima.

Ukanda wetu ni nchi ya miti ya biashara. Kuanzia Sao Hill hadi Njombe kila mwenye ekari mbili amepanda misindano au mikaratusi, na nguzo nyingi za umeme nchini hutoka huku. Miche inayofika gotini leo itakuwa imeutoboa mteremko wako kabla mkopo wa ujenzi haujalipwa. Tembea mita 1,600 kutoka kila ncha ukiwa na klinomita, ukiandika kila shamba la miti, mwenye nalo, aina ya miti na umri wake, na uichukulie miti yote kana kwamba imekwisha kukomaa. Mwinamo wa 1 kwa 20 ni nyuzi karibu 3 tu juu ya upeo wa macho. Ukiona ni mdogo mno, basi umeona vizuri. Nyaya za umeme na minara ya simu viandikwe pia, kwa sababu waya haumpi rubani nafasi ya kuuona.

Hatua ya 6: Ardhi na vibali

Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, ndiyo yenye kauli juu ya eneo, usanifu na ruhusa ya kutumia kiwanja. Iandikie mapema ukiwa na ramani, kimo, mwelekeo na orodha ya vizuizi, kabla hujakata mti hata mmoja. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, litaamua kiwango cha tathmini ya mazingira kinachohitajika.

Kwa ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 hairuhusu Halmashauri ya Kijiji kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Saini ya mwenyekiti na mtendaji peke yake itakurudia mahakamani. Hakikisha muhtasari wa mkutano unataja mipaka, fidia na njia za miguu zitakazohamishwa. Njia ya miguu isipopewa mbadala mzuri itaendelea kupita katikati ya kiwanja chako, na bodaboda wataifuata.

Hatua ya 7: Jenga kwa kufikiria maji

Upana wa mita 18 unakidhi namba 1 kwa ndege tunazozizungumzia. 23 ni bora. Anza kazi Mei au Juni, mvua zikishakatika, ili udongo ushindiliwe ukiwa bado na unyevu kidogo na nyasi zipandwe kabla ya mvua za Novemba au Desemba.

Ondoa udongo wa juu wenye mizizi na uuhifadhi pembeni. Ng'oa visiki vyote, jaza mashimo yake kwa tabaka za sentimita 15 hivi na ushindilie kila tabaka. Shimo lililojazwa kwa mkupuo mmoja litatitia msimu wa kwanza wa mvua. Nyanyua katikati ya njia ili maji yashuke pande mbili kwa asilimia 2, maana yake kwa upana wa mita 18 katikati pawe juu ya kingo kwa sentimita 18. Mwinamo wa urefu usizidi asilimia 2 kwa wastani, na usiwe na mabonde yanayomficha rubani mwisho wa njia.

Kosa kubwa la wakandarasi wa barabara: huchimba mitaro kwenye ukingo wa njia kama walivyozoea. Ndege ikiteleza kidogo itatumbukia gurudumu na kupinduka. Mtaro uwe nje ya ukanda wa usalama, mita 30 au 40 kutoka mstari wa kati, na ndani ya ukanda huo kusiwe na tuta, kalavati wala jiwe. Kazi ikiisha, endesha gari dogo kwa kilomita 60 kwa saa toka ncha hadi ncha. Mahali linaporuka, msawazishaji arudi.

Lami si lazima. Changarawe nzuri iliyoshindiliwa hufaa, lakini kokoto zilizolegea huchakaza propela, na kwa ndege chache kwa wiki ningechagua nyasi fupi zenye mizizi mingi. Jengo la abiria lisubiri: kwa mwaka wa kwanza kivuli, choo na maji vinatosha.

Hatua ya 8: Alama na soksi ya upepo

Soksi iwe na urefu usiopungua mita 3.6 na mdomo wenye kipenyo kisichopungua mita 0.9, ya rangi inayoonekana kutoka mita 300 juu, isimame mbali na majengo na miti inayougeuza upepo. Kingo za njia zionyeshwe kwa vibao bapa vya mita 1 kwa 3 au koni nyepesi zisizozidi kimo cha sentimita 50. Mawe makubwa yaliyopakwa chokaa yanapendeza na ni hatari. Kama huna kingine, yazike hadi yalingane na ardhi.

Hatua ya 9: Endesha kila siku

Msimamizi apite njia nzima kabla ya kila ndege, aandike kwenye daftari tarehe, hali ya udongo, urefu wa nyasi, wanyama waliokutwa na jina lake. Ndege ikiwa njiani, ampigie rubani na kumweleza mambo matatu bila kupamba: upepo unatoka wapi, njia imelowa kiasi gani, na mawingu yako wapi. Kwa mawingu, chagueni kilima ambacho kimo chake kinajulikana. “Kilele kimefunikwa, shingo inaonekana” ni taarifa anayoweza kuifanyia kazi. Asiseme “hali nzuri” kwa sababu mgonjwa anasubiri.

Ng'ombe na watoto waondolewe dakika 20 kabla, na walinzi wabaki ncha zote mbili hadi propela isimame. Weka mitungi ya poda kavu ya kuzima moto, sururu na machela. Mafuta ya ndege ni bora usiyahifadhi. Caravan hutumia mafuta ya jeti na Cessna 206 hutumia petroli ya ndege, na kuyachanganya kumewahi kuua watu sehemu nyingi duniani. Njia ikiharibika, ifungeni rasmi: weka alama kubwa ya msalaba mweupe, waarifu TCAA na wapigie watumiaji wote.

Matatizo ya kawaida

*Maji yanatuama katikati ya njia.* Mgongo umetitia. Usimwage mchanga juu. Chimbua, ongeza udongo wa aina ileile, shindilia tena. Funga njia hadi kisigino cha buti kisizame.

*Soksi za ncha mbili zinaonyesha pande tofauti.* Kilima kilicho karibu kinaukoroga upepo. Andika saa zinazotokea na uwape marubani. Mara nyingi suluhisho ni kutua kabla ya saa nne asubuhi, ukungu ukishaondoka na upepo wa mchana haujaanza.

*Rubani anatua lakini anakataa kuondoka na mzigo wote.* Yuko sahihi. Punguza mzigo, au panga safari asubuhi kukiwa na baridi. Usimbembeleze.

*Wanakijiji wamelima mahindi na alizeti ndani ya ukanda.* Matuta huvunja magurudumu, mahindi huficha ng'ombe, alizeti huita ndege wa porini. Ruhusu kukata majani ya mifugo kwa zamu. Mwenye kunufaika na nyasi ataulinda ukanda vizuri kuliko mlinzi.

*Mikaratusi ya jirani imeutoboa mteremko.* Nenda kwake na mwenyekiti wa kitongoji kabla ya kwenda na barua, umlipe bei ya miti iliyosimama kwa thamani ya nguzo ambazo ingekuwa. Msindano ukikatwa haurudi, lakini mkaratusi huchipua kutoka kwenye kisiki na kuwa na shina tatu badala ya moja, kwa hiyo makubaliano ya maandishi yaseme nani ataviua visiki na shamba litapandwa nini. Chai na viazi havina shida; parachichi linakubalika kama litapogolewa, na sharti hilo liandikwe pia.